Mafuta Yasiyoganda

Jumatatu, 8 Julai
Baridi kali. Ukungu haujatoka bondeni tangu Ijumaa. Nimetoa majani kwenye wavu, nimesugua tangi la juu, nimewalisha samaki. Wamekufa tisa. Jana saba. Sielewi. Maji yanatoka msituni moja kwa moja, ukiyanywa yanauma meno, na trauti, samaki wa maji baridi, wanapenda hivyo. Tangu Aprili, chakula chao kilipokosekana dukani, nawapa unga wa kuku wa mayai na mashudu ya alizeti. Wanakula. Hata wamenenepa.

Shemeji Muriuki, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, amepita tena na fimbo yake. Tulikubaliana mbele ya wazee: vifaranga wa samaki wakifika mwisho wa Agosti wakiwa hai, mabwawa ni yangu. Wakiisha, anafukia na kupanda nepia, majani ya ng'ombe. Leo aliwahesabu waliokufa kwa ncha ya fimbo. Namchukia akihesabu.

Jumanne, 16 Julai
Ndoo iliniponyoka ikagonga ukingo wa tangi. Karibu samaki wote wakageuka tumbo juu. Nilijua nimewamaliza. Nikakaa kwenye matope. Baada ya muda wakaanza kuamka, mmoja mmoja. Wengine hawakuamka.

Walizimia. Miaka hamsini na minne niko duniani, sijasikia samaki akizimia.

Tilapia wa bwawa la chini, wanaokula unga uleule, hawana shida. Baridi imewafanya wazito tu. Nimempigia Zainabu, afisa wa samaki. Anakuja Jumamosi.

Jumamosi, 20 Julai
Zainabu amekuja kwa pikipiki, matope hadi magotini. Msichana wa Majengo, Nyeri mjini, mdogo kuliko binti yangu Wambui, lakini kichwa anacho. Aligonga tangi, akawatazama wakizimia, akauliza wanakula nini. Nikamwambia. Akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Aliomba mafuta ya kupikia. Nikamletea mkebe wa jikoni. Yameganda, kijiko kinasimama chenyewe. Akatoa kwenye mkoba chupa ya mafuta ya samaki. Yanatiririka kama maji, kwa baridi ileile.

"Mama Wambui, trauti amejengwa kwa haya," akasema.

Ya alizeti nayo hayagandi, akaeleza, lakini si aina anayoitaka trauti. Babu zake trauti waliishi kwenye maji ya baridi, ambako kila mdudu na kila ukoga una mafuta haya mepesi. Vizazi na vizazi waliyapata kwenye chakula, mwili ukazoea kuletewa. Babu zake tilapia walikaa kwenye maji ya joto, wanaridhika na mafuta ya mimea. Ati kuna samaki waliohama bahari wakaingia mito ambayo haina mafuta hayo. Walioweza kuyatengeneza wenyewe mwilini waliacha watoto. Wasioweza, basi. Chakula ndicho kilichochagua nani awe babu.

Nilitaka aendelee hadi jioni. Sijawahi kufundishwa kitu kizuri hivyo nikiwa na aibu kubwa hivyo.

Jumapili, 21 Julai
Mahubiri sikuyasikia. Nimewalisha samaki kama kuku kwa sababu kuku ndio ninaowajua. Kwetu samaki hakuwa chakula. Cucu, bibi yangu, alimweka kapu moja na nyoka. Nani angenifundisha?

Kabla ya kubadilisha chakula, Zainabu alitaka nigonge mara moja tena na kuwatoa wasiozimia kabisa. Nimefanya. Ni thelathini na mmoja, sasa wako kwenye tangi lao. Labda miili yao inajipikia mafuta. Labda wana mbio tu za kudaka wadudu wanaokuja na maji. Zainabu alisema hajui. Nampenda kwa kusema hajui.

Alhamisi, 1 Agosti
Omena, dagaa wa soko la Karatina, nawasaga mwenyewe. Nyumba inanuka, paka hawatoki mlangoni. Mafuta ya samaki kijiko kwa kijiko. Asubuhi nageuza mawe ya mtoni kutafuta wadudu, vidole vinakufa ganzi. Mbayuwayu nao wako hapohapo. Wanaacha nzi wote wa zizini, wanakuja kuchukua hawa wa mtoni kwa ajili ya makinda yao. Zainabu anasema wadudu wa maji wana mafuta yaleyale. Ndege hakwenda shule, na alijua kabla yangu.

Wamekufa wanne. Naogopa.

Jumatatu, 12 Agosti
Siku ya tatu hakuna aliyekufa.

Muriuki alikuja, akapiga tangi kwa fimbo bila kuomba ruhusa. Wakatawanyika pande zote. Hakuna aliyezimia. Akapiga tena. Nikamwambia, shemeji, inatosha. Akauliza ni dawa gani. Omena, nikasema. Akaenda zake akitikisa kichwa.

Jumamosi, 31 Agosti
Wazee wawili wamekuja na Muriuki. Wametazama, wamekunywa chai. Mabwawa ni yangu. Muriuki ndiye aliyetamka, kwa sauti, wote wakisikia. Kwa hilo namsifu.

Zainabu anasema wale thelathini na mmoja nisiwauze. Wakue, watage. Huenda watoto wao wakavumilia njaa ambayo niliwapa wazazi.

Wenzao, zaidi ya nusu ya waliokuja, wako chini ya migomba. Niliwaua mimi, kwa mkono wa kulisha. Mkono huohuo ndio uliowachagua hawa, na sikujua kama nachagua. Jioni nimesimama migombani nikawaomba radhi, kwa Kikuyu, maana nikiomba kwa kweli hutoka hivyo. Kisha nikaenda kukama.