Nyumba Isiyompokea Genival

Crateús, 3 Juni

Mjukuu wangu Keliane,

Hujambo huko Florianópolis na baridi yenu? Mimi mzima, ila goti lina mambo yake. Kuku wanataga, mvua imekataa.

Ulinipa programu tatu za simu nizijaribu, uandike kazini kwako ni ipi inamfaa mzee. Basi andika. Ya kwanza ina maandishi makubwa, haina maswali mengi, ila wanasema iko huru na bado kila kitu kinapita kwa mkubwa mmoja. Wakubwa nawajua. Ya pili imenipa ufunguo wa herufi sitini, eti nikiupoteza hakuna wa kunisaidia, hata aliyeitengeneza. Mimi miwani huitafuta ikiwa usoni. Ya tatu ni nyumba nyingi, kila moja na mwenyewe, na wa nyumba hii huandikiana na wa ile. Jina lako humo refu kama treni, kumtafuta mtu ni taabu, lakini inafanana na mtaa. Nimebaki na hiyo, kwenye nyumba ya rafiki zako uliyoniingiza.

Sasa jambo langu. Baba yako ana mwaka wa nne kwenye machimbo ya dhahabu kule mto Tapajós, na namba yangu ya zamani imekufa. Nimeandika humo: Genival, mama yako yuko hapa. Akiniandikia kutoka nyumba nyingine, nitampata? Nijibu hilo tu.

Bibi yako,
Idalina

Florianópolis, 20 Juni

Shikamoo Bibi,

Pole na goti. Mimi sijambo, kazi nyingi tu. Maoni yako yamewachekesha ofisini, wameyachapisha yote.

Ndiyo, mtu wa nyumba yoyote anaweza kukuandikia. Baba akitaka atakutafuta. Sisi hakututafuta.

Mjukuu wako,
Keliane

Crateús, 2 Agosti

Keliane,

U mzima, naona, maana ungekuwa mgonjwa ungesema. Mimi sijalala vizuri.

Jana shoga yangu Zuleide alinionyesha simu yake. Yeye yuko nyumba nyingine, aliyatangaza maneno yangu huko, yakamfikia baba yako. Genival ameniandikia mara tano kutoka nyumba ya wachimbaji. Kwa Zuleide barua zote zinaonekana. Kwangu hakuna hata moja. Ya mwisho ni ya tarehe 21 Julai: “Mama, homa imenirudia. Nijibu hata neno moja, nipate nguvu ya kupanda mashua nitoke huku.”

Nimemjibu kwa simu ya Zuleide. Zuleide anasema nyumba yetu imewafungia wachimbaji mlango. Nani kafunga? Usinizungushe.

Bibi yako

Florianópolis, 19 Agosti

Shikamoo Bibi,

Tulipiga kura mwezi wa tano, kabla sijakuingiza. Nyumba yetu huamua hivyo. Wachimbaji walikuwa wanajisifu kwa zebaki wanayomwaga mtoni, watu wanakunywa maji yale. Tulikuwa kumi na wanne. Tisa tulisema wafungiwe.

Jina la baba nililiona kwenye orodha yao. Nikainua mkono. Na ulipouliza, nilikudanganya.

Naweza kukuhamishia nyumba nyingine leo hii. Nisamehe.

Keliane

Crateús, 29 Agosti

Keliane,

Usinihamishe popote. Simu nimempa Zuleide.

Mwenzake baba yako amejibu. Genival alikufa tarehe 11, wamemzika huko huko kando ya mto. Anasema kila siku alikuwa akiuliza kama mama amejibu. Neno langu lilipofika walimsomea, lakini alikuwa hatambui tena sauti ya mtu.

Mto kuchafuliwa ni dhambi, na ningemwambia mwenyewe, kwa mdomo huu, akiwa mezani kwangu anakula kuskusi. Mwanangu nilimzaa mimi, kumkemea ilikuwa zamu yangu. Ninyi tisa mlinipokonya hata hilo, wala hakuna aliyeniambia, na mimi nimo ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Misa ya siku ya thelathini ni tarehe 10 Septemba, saa moja asubuhi. Kanisani watu wataniuliza nani alimfungia, na mimi sijajifunza kusema uongo kwa ajili ya mtu. Ukija, uje ukijua hivyo. Mlango wangu haupigiwi kura, lakini sitasimama kukupokea.

Idalina, mama yake Genival