Lenzi Kwangu, Kamera kwa Kaka

Jumatatu, 4 Machi

Adapta imefika. Pete ya chuma tu, nyembamba, inakaa kiganjani kama kifuniko cha chupa. Upande mmoja unashika lenzi ya baba, upande wa pili unashika kamera yangu ya dijitali. Nilidhani nitahangaika nayo. Nimezungusha — tak! — imeingia.

Miaka minane lenzi hii imelala kabatini. Lenzi bila kamera ni nini? Kioo. Kamera yake iko kwa kaka, mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na huko nayo haina lenzi. Hatukugawana. Ilitokea tu.

Wa kwanza kumpiga ni shangazi, amekaa mlangoni anashona kifungo cha gauni. Fokasi lazima uizungushe kwa mkono, taratibu, unapita, unarudi. Nimeharibu nyingi. Halafu moja ikakaa. Uso umetulia, kila mkunjo uko mahali pake, na nyuma yake ukuta, ndoo, kamba ya nguo, vyote vimeyeyuka kama sabuni kwenye maji ya moto.

Nikamwonyesha. Akaitazama muda mrefu, sindano mdomoni. "Hii kaipiga kaka yangu," kasema.

Alimaanisha baba. Lakini mimi nilisikia kaka yangu, nikageuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake sokoni.

Jumamosi, 9 Machi

Harusi. Bibi harusi ni mwalimu wa hesabu, hana mchezo. Kaniambia mapema hataki kupunguzwa tumbo kwenye picha wala kung'arishwa ngozi, anataka ajijue akizeeka. Nikabeba kamera mbili. Moja ya kazi. Nyingine, yenye lenzi ya baba, ya roho yangu.

Watu hawasubiri fokasi ya mkono! Pete imevishwa mimi bado nazungusha. Bahati ile ya kazi ilikuwa shingoni. Lakini baadaye nilimkuta peke yake dirishani, amevua kiatu, anajikanda kidole. Nikafungua lenzi yote. Nikangoja. Akaniona, akacheka, kiatu mkononi. Nikabonyeza.

Nilipomwonyesha kasema hii ndiyo yangu, zilizobaki wape wakwe.

Kwenye picha za ukoo kulikuwa na mwanamume nyuma kabisa, bega moja limeshuka kama la kaka. Nilimsogelea kwa lenzi. Si yeye. Bila shaka si yeye, angefuata nini kule? Hata hivyo nimempiga mgongo, na si mara moja. Sijui nitamwelezaje bibi harusi migongo ile ni ya nini.

Jumanne, 12 Machi

Mwalimu ameitundika picha ya kiatu mtandaoni. Kaandika chini yake kwamba imepigwa kwa lenzi ya zamani, na jina la studio yangu kaliweka. Simu haijapoa tangu asubuhi. Watu wanataka "zile za ukungu ukungu". Ukungu! Baba angewatoa nje.

Jioni ikaingia meseji, namba siijui: "Ni ile lenzi ya baba?"

Hakuna salamu. Hakuna jina. Nani mwingine duniani angeuliza hivyo?

Nimekaa kwenye stuli ya wateja, ile ya picha za pasipoti, nimetazamana na kitambaa cheupe. Nimeandika jibu refu, nikalifuta. Fupi, nikalifuta. Mwisho nikatuma: "Ndiyo."

Amesoma.

Jumatano, 13 Machi

Kimya.

Alhamisi, 14 Machi

Shangazi kanikuta nimeinamia simu, akauliza nimemeza sindano yake nini. Nikamwambia kaka kaandika. Wala hakushtuka! Nikambana. Kumbe huongea naye kila Ijumaa akijifanya kaenda kumjulia hali jirani. Miaka yote hii!

— Mbona hukuniambia, shangazi?

— Uliniuliza?

— Na yeye huniulizia?

Kasema yeye si redio. Nikitaka habari nimpigie mwenye habari.

Acha niiandike mara moja nimalizane nayo. Baba alipofariki, studio ilikuwa inamfuata. Hakuna aliyeleta filamu kusafishwa tena; watu walitaka pasipoti za papo kwa papo, basi. Kaka ni mtaalamu wa eksirei, alikuwa ameshaanza kazi hospitali ya huko. Niliyebaki na ufunguo ni mimi. Nikakivunja chumba cha giza, alimosafishia baba filamu. Nikatoa masinia ya dawa, nikang'oa mbao alizozibia dirisha, nikashusha taa nyekundu, nikapaka kuta nyeupe, nikaingiza kompyuta na printa. Bila hivyo leo pale kungekuwa na duka la viatu. Hata kesho ningefanya vilevile.

Kaka alikuja likizo. Kafungua mlango wa chumba kile kwa tahadhari, kwa mazoea, kama mtu anayeogopa kuunguza filamu — akakutana na jua. Alisimama pale. Akasema nimemzika baba mara ya pili. Nami nikasema kumlilia baba kutoka mbali ni rahisi, njoo ufungue mlango wa studio kila asubuhi uone. Akaenda kabatini, akabeba kamera, akaondoka bila kula. Hakujua lenzi iko kwa fundi inasafishwa kuvu. Kabeba kamera kipofu.

Nilingoja aifuate. Mlango ukigongwa, nilijua ndiye. Nadhani naye alingoja niifuate kamera. Hivyo ndivyo tulivyokaa, kila mtu na nusu yake, na mimi nikijipa moyo kwamba siku moja vitu vyenyewe vitatukutanisha.

Sasa nina adapta, na simhitaji. Hilo ndilo linaloniuma! Nimenunua kidude kinachoingia mfukoni, kikaniondolea sababu pekee niliyokuwa nayo ya kumtafuta.

Jumatano, 20 Machi

Kaandika! Katuma kwanza picha: ukuta mweupe, mbichi, brashi iko sakafuni juu ya gazeti. Nikadhani kakosea namba. Halafu maneno yakafuata. Hospitali yao nayo imehamia kwenye kompyuta, eksirei inatokea kwenye kioo moja kwa moja, filamu basi. Chumba chake cha giza kinageuzwa stoo. Wenzake walitaka kuita fundi wa rangi, yeye kakataa, kakipaka mwenyewe.

Kisha: "Nyeupe haifuniki kwa mara moja. Wewe ulipaka mara ngapi?"

Nikajibu: "Mara nne. Madoa ya dawa yanarudi."

"Ni kweli. Yanarudi."

Hayo tu. Nimelia pale kaunta, machozi yenye kwikwi, kama mtoto. Akaingia mteja wa pasipoti, akanipa pole ya msiba. Nikapokea. Ningemwambia nini?

Jumapili, 31 Machi

Amepiga. Kupiga kabisa, sauti.

Imekuwa nzito, imekuwa ya baba. Nilikaa chini. Tumeongea upuuzi mtupu: mvua, magoti ya shangazi, printa yangu inayotafuna karatasi. Kaniambia kamera bado anaitumia, kwa lenzi ya kuazima. Husafishia filamu bafuni kwake, mkewe analalamika kwamba wanaoga kwa zamu na negativu. Lenzi ile ya kuazima haina kosa, kasema, ila ni kama kuishi na miwani ya mtu mwingine.

Anayo filamu moja ameitunza kwenye friji, pembeni ya maziwa. Anakuja nayo Jumamosi ya tarehe 13. "Mimi naleta kamera, wewe lete lenzi." Nikasema lenzi iko hapahapa, niilete wapi? Tukacheka. Cheko fupi, kila mmoja kaacha haraka asije akabaki anacheka peke yake.

Kabla ya kukata kasema, "Haya, Mashavu."

Mashavu! Hata mume niliyeachana naye hakuwahi kulijua jina hilo la utotoni.

Shangazi alikuwa nyuma ya pazia muda wote. Katoka, kasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nikamuuliza yeye ameshika kipi. Kasema magoti yake hayaruhusu hata kimoja.

Ijumaa, 5 Aprili

Balaa. Adapta imekwama.

Nilitaka kuisafisha lenzi kabla kaka hajaja. Kamera ikatoka vizuri, pete ikabaki imeng'ang'ania shingo ya lenzi. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Nimejaribu na kitambaa. Na glavu za kuoshea vyombo. Nimeiweka kwenye friji, mtandaoni walisema chuma kinasinyaa. Imetoka ya baridi na kichwa ngumu vilevile.

Nikakimbilia kwa fundi, yule tunayemwita Bisibisi. Kaweka kioo jichoni, kaguna, kageuza, kaguna tena. Kuna kijino ndani kimeuma. Akilazimisha, shingo inaweza kupasuka, na shingo ya lenzi hii haipatikani popote. Lakini nisihofu, kasema. Kwa dijitali nitaitumia hadi nizeeke. Ni ile kamera ya zamani tu ndiyo haitaivaa tena.

Ni ile tu! Kasema huku anatabasamu, kama daktari aliyekuletea majibu mazuri.

Nimwandikie kaka? Nikimwandikia ataahirisha, na akiahirisha haji tena. Namjua. Nami ndivyo nilivyo.

Shangazi kauliza anakuja kuona lenzi au kuniona mimi. Ningelijua hilo ningelala.

Jumatano, 10 Aprili

Bado imekwama. Bado sijamwambia. Nimepiga watoto wa shule kutwa nzima, kila mmoja bega lake namnyooshea. Yule wa mwisho nimemwachia bega lake lilivyoshuka.

Jumamosi, 13 Aprili

Nilisema nitafunga studio nimpokee kituoni. Akaja mama na mtoto mchanga, wanasafiri, wanataka pasipoti leo leo. Mtoto hataki kutazama kamera. Mlango ukalia nyuma yangu. Nikasema karibu, keti, bila kugeuka.

"Nasubiri, dada. Pasipoti tu."

Sauti ya baba ndani ya studio ya baba. Kamera kidogo inidondoke.

Amenenepa. Ana mvi. Bega lilelile. Hatukukumbatiana, maana mtoto alianza kupiga kelele. Kaka akaweka begi chini, akasimama nyuma yangu, akapiga mluzi. Ule mluzi wa kupanda na kushuka, kazi yake tangu tukiwa wadogo, baba akipiga. Mtoto akanyamaza, macho pima. Nikabonyeza. Mama mtu kaniambia mna bahati mnafanya kazi pamoja.

Hakuna aliyemsahihisha.

Walipoondoka kaka akaenda moja kwa moja kwenye chumba cheupe. Nilibaki nje. Nilimsikia anatembea, anasimama, anatembea.

— Kuna doa pale juu.

— Limerudi mwezi uliopita.

Nilimsikia anasogea dirishani. Halafu:

— Mti wa jirani unaonekana kutoka hapa. Sikuwahi kujua kwamba ungeonekana.

Shangazi kaja, kalia, kamshika mashavu, kamwambia kanenepa, kamwambia kakonda, kaenda kupakua chakula.

Kaka akaweka kamera ya baba mezani. Kaing'oa lenzi ya kuazima. Ikabaki na shimo katikati, mdomo wazi. Akanyoosha mkono kwangu. "Lete."

Nikampa, pete juu yake. Nikamwambia imekwama tangu wiki iliyopita, fundi ameshindwa, kuilazimisha ni kuipasua.

— Na hukuniambia.

— Usingekuja.

Akaigeuza mkononi. Nilijua kauli inakuja, nilishajipanga kifuani kuipokea, na yangu ya kujibu ilikuwa tayari.

— Ningekuja, kasema. Akafikiri. — Labda.

Kisha kavua saa, kakunja mikono ya shati.

Sasa yuko mle ndani, karibu na dirisha. Mimi niko kaunta naandika kwa sababu kaniambia nikimsimamia mgongoni hawezi. Shangazi ameshaita chakula, ameita tena, sasa anaita kwa kugonga sufuria. Chakula kinapoa. Nasikia kaka anahema, anaguna, anasema "aa-aa" peke yake kama anambembeleza mtoto aache kisu.

Katoa kichwa mlangoni. Kasema mtu mmoja haiwezekani: mkono ukikaza pete, unakaza na lenzi, vinazunguka vyote. Lazima mmoja ashike huku na mwingine huku.

Nikamkumbusha fundi alisema itapasuka. Kasema fundi alisema inaweza.

Tukiiacha ilivyo, inabaki nzima, inabaki yangu, naye anapanda basi la kesho na kamera yake. Nimemwambia hivyo, kwa maneno hayohayo. Katazama chini. Kasema anajua. Kauliza kama nina kipande cha mpira wa baiskeli, kisiteleze.

Ninacho. Kiko droo hii ninayoandikia juu yake.

Ananiita tena. Nimemuuliza kutoka hapahapa, tunazungusha upande gani? Kasema mimi kushoto, yeye kulia. Si tutavutana? Kasema ndiyo maana yake, Mashavu, acha kuandika uje, mikono imeanza kutoka jasho.