Tazama Miguu, Usiulize Masikio

Limbu,

Mwangaluka. Najua hutaitikia, lakini mimi na wewe hatujawahi kuanza mazungumzo bila salamu, hata siku ile tuliyogombana pale Dutwa na kila mmoja akapanda basi lake.

Nimerudi Morogoro baada ya kukuzika. Udongo mweusi wa kwetu umeganda kwenye soli za viatu vyangu na sijaubandua.

Nianze na habari itakayokuuma. Chuo chetu kile sasa kinafundisha habari, mawasiliano na sosholojia kwa pamoja, shahada moja. Wamechapisha kipeperushi cha rangi, chenye picha ya msichana aliyevaa visikilizio, anacheka. Binti yako Kabula yuko mwaka wa kwanza. Wewe ulipoomba kuyasoma hayo matatu kwa pamoja walikucheka. Tulikuwa walimu wawili wa shule ya msingi wenye mvi, tumekaa darasani na vijana ambao tungeweza kuwazaa.

Ulitaka kuandika juu ya ngoma za mavuno. Kwamba kwetu, pamba ikishauzwa, manju wawili husimama uwanja mmoja, kila mmoja na kundi lake, wewe ukiwa wa upande mmoja na mimi wa upande wa pili, wakiimba kwa wakati mmoja: nani kaoa, mwenyekiti gani kala mbuzi wa faini. Na watazamaji hawapigi makofi wala kura. Wanahama. Aliyechoshwa na huyu anavuka kwenda kwa yule, na jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. "Tazama miguu, usiulize masikio," ulikuwa ukiniambia. Hicho, ulisema, ndicho chombo cha habari kilichokamilika: anayesema anakuona ukimwacha.

Idara ya habari ikasema ngoma si chombo cha habari, peleka sosholojia. Sosholojia wakasema wao hawashughuliki na watangazaji. Ukatembea kati ya majengo yale mawili hadi muhula ukaisha. Mwishowe uliandika juu ya wasomaji wa magazeti ya mjini, ukafaulu, na kazi ile hukuwahi kunionyesha. Sijawasamehe. Mmoja wao ndiye aliyeandika utangulizi wa kipeperushi.

Ukarudi Bariadi. Ndiyo miaka soko lilipofunguliwa, redio za watu binafsi zikaanza kusikika, na wanunuzi wapya wa pamba wakawa wanapishana na pikapu zao kwenye barabara ya Lamadi. Hao walitambua upesi kile ambacho wasomi wetu hawakukitambua, kwamba watu husikiliza pale uwanjani. Wakampa manju mmoja jenereta na spika, naye akawaimbia wao. Mwenzake hakusikika tena. Watu waliendelea kuvuka, lakini sauti ileile iliwafuata huko walikokwenda. Uliniandikia mstari mmoja tu: "Ndugu yangu, sasa hakuna pa kuvukia."

Na msiba wako wakauletea spika.

Nilikuwa chini ya turubai. Katikati ya nyimbo za kanisa mshereheshaji alitaja jina la kampuni, akatukumbusha kwamba pamba bora huanza na mbegu bora. Jeneza lako lilikuwa mbele yake.

Kisha manju wa upande wetu, yule mama ambaye maisha yako yote ulikataa kukiri kwamba anaimba vizuri, alisimama kando ya zizi. Hakuwa na kipaza sauti. Akaanza kukutania, kama inavyompasa mpinzani. "Limbu wa miwani, ulikwenda mbali kusomea kusikia. Mbona leo nakuita huitiki?" Watu wakacheka huku wanalia. Wakaanza kuinuka. Niliiona miguu, Limbu: katambuga za matairi, ndala, viatu vya kanisani. Turubai lilibaki nusu tupu. Nikasema moyoni, laiti wale wa idara mbili wangekuwa hapa.

Mshereheshaji akaigeuza spika ielekee zizini, akaongeza sauti.

Mama hakunyamaza. Mdomo uliendelea kwenda, sisi hatusikii kitu. Wa nyuma walivumilia kidogo, kisha wakarudi kwenye viti, mmoja mmoja, bila kutazamana. Waliobaki ni wale waliokuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Kabula alikuwa mmoja wao.

Jioni aliniambia, "Baba mdogo, chuoni tunafundishwa kuwauliza watu wanasikiliza nini. Hakuna anayefundisha habari ya kuondoka." Anataka kuandika kile ulichokatazwa. Nikamwambia watamkatalia, ila safari hii kwa maneno matamu. "Basi wataona mgongo wangu," akasema. Ni wewe mtupu. Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu nipate habari zako.

Kutoka chuo kile sitarajii lolote. Wamechukua majina ya ulichokitaka, wakaacha chenyewe. Lakini pamba ikishauzwa nitapanda basi hadi Dutwa kwenye ngoma za mavuno, na Kabula atanikuta huko. Tutakwenda kusimama kwa yule mama, karibu kabisa naye, mzee wa upande mmoja na binti wa upande wa pili, tuone nani atavuka kuja kwetu. Huenda asije mtu. Viatu hivi sitavisafisha mpaka siku hiyo.

Pumzika, mpinzani wangu. Wabeja, asante kwa yote.