Tanuri la Mzee Jernej na Boila Langu

Jumatatu, 1 Oktoba

Kwa walio hai wa nyumba hii, na kwa marehemu wake wote wanaotutazama kutoka picha za ukutani: leo mimi Matevž, mkwe wa nyumba, nimenunua kipimajoto! Nimekitundika chumbani kwetu, ghorofani. Nyuzi kumi na moja.

Mke wangu Zinka alikitazama akiwa na koti la baba yake na kofia ya sufu. "Kumbe. Nilidhani ni uzee wangu tu." Halafu akarudia lile lake, kwa upole unaokata kama wembe: majira mengine ya baridi ya namna hii, anahamia kwa dada yake mjini Celje. Hatanii. Machi alilazwa kwa mapafu, na kikohozi hakijamwacha.

Kwa hiyo mpango umeanza rasmi. Boila la kuni chini, kwenye ghala la mapipa. Tangi la maji moto kando yake. Mabomba hadi juu, rejeta ya kupasha joto kila chumba. Nimechora mwenyewe. Mchoro unafanana na ng'ombe aliyevimbiwa, lakini ni mchoro.

Baba mkwe, mzee Jernej, ameuona kutoka juu ya tanuri lake la vigae, anakoshinda na kulala. Alinigeuzia mgongo — na mgongo wake una mdomo.

Jumatano, 3 Oktoba

Drago msafisha dohani amekuja, masizi mpaka kwenye kope. Huku msafisha dohani huleta bahati, kwa hiyo Zinka akashika kifungo cha koti haraka, isimpite. Ikampita.

Drago anasema dohani ni moja, na dohani moja ni moto mmoja. Boila au tanuri. "Mkiwasha vyote viwili, asubuhi naitwa kuja kubeba majeneza." Je, dohani ya pili? Akaugonga ukuta, mchanga ukamwagika. Ukuta wa mawe na udongo, wa babu wa babu. Ukiutoboa, unateremka nao bondeni.

Sauti ya mzee kutoka juu ya tanuri: "Zinka, mwambie huyo wako wa bondeni tanuri haliondoki."

Nilikuwa nimesimama chini ya miguu yake! Miaka ishirini na sita tangu nitoke bondeni kuja kuoa nimelala nyumba hii, na bado naongelewa kama mvua.

Tatizo ni kwamba ana haki. Wazee wa huku wanapoachia shamba, wanampa mtoto ardhi, ng'ombe na madeni. Wao hubakiza kitu kimoja: mahali pao kwenye tanuri, hadi kufa. Alisema hivyo siku alipotuachia shamba, mbele ya ukoo wote, na mimi nikanywa pombe ya tufaha kuidhinisha. Nilikunywa sana, nakumbuka.

Lakini tanuri linapasha chumba kimoja. Na mke wangu anakohoa katika kingine. Kuhamia chini hataki — amelala utoto wake wote chini ya mikoromo ya yule mzee, anasema imetosha.

Jumamosi, 6 Oktoba

Blaž, fundi wa matanuri, alikuja na nyundo kulibomoa. Akaweka kiganja kwenye kigae — akakirudisha mbio. Linachoma! Mzee kaliwasha kabla jogoo hajawika.

"Tanuri la moto halibomolewi, Bwana Matevž. Ng'ombe hachunwi akiwa hai." Na likishiba kuni, halipoi leo wala kesho asubuhi. Akala žganci zetu, ugali wa huku, akaenda zake. Atarudi Jumanne.

Mzee, kutoka juu, akiiambia dari: "Fundi mzuri. Ana adabu. Si wa bondeni."

Jumanne, 9 Oktoba

Nilifungia kuni zote bandani, ufunguo shingoni. Nikalala kama jemadari.

Asubuhi tanuri linanguruma, na Blaž kageuzia mlangoni. Kachoma fito za maharage, lango la bustani, na kigoda changu cha kukamulia. Moto kauwasha kwa mchoro wangu.

"Angalau umepasha kitu joto," Zinka akasema. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika meza. Mzee juu kule aliacha kutafuna. Nilimwona. Halafu akaendelea kutafuna.

Alhamisi, 11 Oktoba

Dukani, Milka wa jirani, kwa sauti ya kusikika hadi kanisani: "Wengine wanatoa majivu, wengine wanatoa wazee."

Chakula cha jioni. Mzee kwa Zinka: mama yako alifia hapa juu, kwenye joto, mkono wake mkononi mwangu. Huyu anataka mimi nife nimekumbatia bomba. Nikasema: na binti yako afe wapi, Baba? Sahani yake ikapita karibu na sikio langu.

Zinka amefungasha sanduku. Bado liko nusu tupu.

Jumamosi, 13 Oktoba

Daktari kwenye simu ameambiwa mzee kateleza. Zinka ameambiwa hivyohivyo. Mambo yalikuwa hivi.

Tangu juzi nililinda mlango wa tanuri, nikila hapo, nikisinzia hapo. Likapoa. Leo Blaž kaja, kashika kigae, katikisa kichwa: tayari. Mzee kapanda juu na blanketi.

"Baba, shuka."

"Nishushe."

Nikamshika kifundo cha mguu. Ningependa kuandika kwamba nilimgusa tu. Nilivuta. Nilivuta kwa nguvu ya miaka ishirini na sita. Akaangukia benchi, kisha sakafu, mkono chini yake. Mkono ukalia kama ukuni mkavu ukivunjwa. Blaž aligeukia dirisha.

Zinka akaja mbio kutoka bustanini. Kabla sijafungua mdomo, mzee, mweupe kama chokaa: "Nimeteleza. Soksi hizi alizonifumia Milka, upuuzi mtupu." Akanitazama. Si kwa msamaha. Hivyo ndivyo anavyomtazama mwenye ndama gulioni, akishajua kwamba muuzaji hana pa kukimbilia.

Sasa yuko kwenye kiti jikoni, mkono kwenye shali, anatetemeka. Kitanda hataki. Zinka anamfunika, anakohoa, anauliza kwa nini chumba kina baridi hivi. Blaž ameokota nyundo.

"Nianze, au nisianze?"

Wote wakanigeukia. "Haya, sema, Matevž," mzee akasema.

Nikasema nakwenda kumwonyesha daktari njia. Daktari kazaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa. Niko zizini, katikati ya ng'ombe. Huku kuna joto.