Asali Yangu, Deseri Yako

Ntoto, Jumapili jioni

Mdogo wangu Riziki,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe kwanza, kisha wote wanaolala chini ya bati lile, kisha mbuzi wako na yule jogoo mwenye kiburi. Habari za kifua? Kikohozi kimeacha kukusumbua asubuhi? Mashamba ya kilimani yameamkaje, na maharagwe mmeshayatoa kabla mvua haijayaozesha? Sisi huku tuko wazima. Mvua inanyesha kila siku, matope yanafika kwenye magoti, lakini tunakula, tunalala, tunamshukuru Mungu.

Ninakuandikia kwenye karatasi kwa sababu ninakujua. Nikipanda kilima kutafuta rezo nikupigie, wewe utaweka sauti juu nyumba nzima isikie, na Mama Shemasi wa jirani atanijibu kabla yako. Haya ninayoandika ni yako peke yako. Soma umekaa nyuma ya nyumba, kisha uitie kwenye moto, kama siku hizi bado unawasha moto.

Juzi motari wa pikipiki alinifikishia maneno yako. Alisimama mbele ya restora yangu na kofia yake ya chuma kichwani, akasema: "Mama Asifiwe, mudogo wako anauliza: 'Yaya, nimekosa nini?' Njo ile tu alisema." Akaomba sahani ya wali akaenda kuketi. Mimi, dada yako mkubwa, nikabaki na mwiko mkononi.

Nilikutumia habari kwamba binti yangu Asifiwe hatarudi kwako Nyabiondo vakansi ya shule ikiisha, kwamba atabaki huku kwangu na kusoma huku, kwa sababu njia ni mbaya. Njia ni mbaya kweli. Lakini si njia iliyonifanya niseme vile. Ni wivu, Riziki. Nina wivu nawe, tena mwingi. Sasa nimeshaliandika, acha niendelee.

Wivu ulianza kwa zile picha zako. Ninajua kwa nini uliacha kupika sana. Wanawake wanaogopa kwenda porini kuchanja kuni, na makala, makaa ya kupikia, imekuwa ghali, basi ukasema mtakula vile vinavyoliwa bila moto. Hapo nilikuonea huruma. Nilifikiri mnakula mahindi mabichi na machozi. Kisha motari akaja na simu yake, akanionyesha picha ulizompa. Kabichi, shu yetu ile, imekatwa nyembamba kama nyuzi, imekamuliwa limau na kunyunyiziwa munyu. Karoti zimekunwa na kuchanganywa na karanga zilizolala kwenye maji. Na juu ya meza ya mama yetu, bakuli la parachichi, avoka iliyopondwa mpaka imekuwa laini, na matunda ya marakuja, na asali, chini kuna mashanza, maziwa mazito yaliyoganda ya ng'ombe wa Burungu. Nyinyi wote mnacheka. Kijiko kiko kinywani mwa mwanangu, na mkono wako uko begani mwake.

Nilimrudishia motari simu yake, nikamwambia picha ni nzuri. Lakini kichwani nilikuwa ninapiga kelele. Asali ile ni ya nani? Si mimi ninayenunua kwa wawindaji wanaotoka msituni, ninaichuja kwa kitambaa changu kuondoa nyuki, ninaifunga kwenye bidoni na kuituma kwako? Mimi natoa utamu, wewe unakumbatiwa! Usiku ule nilisonga bugali vibaya, wateja wakauliza kama ninaumwa.

Wewe hujui maisha ya moto, Riziki. Tangu tumzike baba yake Asifiwe na mimi nije huku kutafuta karo, ninaamka kabla ya jogoo na kupulizia jiko la babula. Majani ya sombe, wali, maharagwe, samaki wa kukaushwa, ndizi za mafuta mekundu ya ngazi. Nywele zangu zinanuka moshi hata nikitoka kanisani. Motari wanapita migahawa mingine kuja kwangu, na ninajivuna kwa hilo, sikufichi. Basi niambie, mpishi kama mimi nijisikieje nikisikia mwanangu amenenepa kwa mtu asiyewasha hata kiberiti?

Asifiwe alipofika kwa vakansi, niliamua kukushinda. Nilichinja kuku. Nilimpika kwa mafuta ya ngazi mpaka nyama ikaachana na mfupa. Nikapika sombe iliyolala motoni tangu asubuhi, nikakaanga ndizi. Mtoto akala kidogo, akafuta mikono, akatazama mezani, akatazama tena.

"Mama, deseri iko wapi?"

"Deseri njo nini?"

"Ile ya kukula nyuma ya chakula. Mama mudogo anatutengenezeaka kila siku."

Nilimwambia huku hatuna mambo hayo. Hakulia, hakununa, alikusanya sahani tu, na mimi nikaanza kuhesabu makosa yako tangu ulipokuwa unanyonya.

Kesho yake nikanunua avoka na marakuja kwa siri, nikajifungia nyuma kabla wateja hawajaja. Niliponda, nikatia asali, nikakoroga. Ilikuwa nzuri kwa macho. Lakini unajua mama yetu alivyotulea. Hakukubali mtu apewe chakula ambacho hakijapita motoni, na mgeni ndiyo kabisa. Nikatazama ile avoka mbichi, nikaogopa tumbo la mtoto. Nikasema niipashe kidogo tu, moto mdogo, ipate joto. Sufuria ikaanza kutokota pembeni. Nikaitoa, nikaiacha ipoe, nikampelekea bila kuonja. Mimi, ninayeonja hata maji kabla ya kutia munyu!

Asifiwe alikula yote. Alifuta bakuli kwa kidole, akasema: "Asanti, Mama. Iko muzuri." Akauliza kama anaweza kuosha vyombo.

Nilifurahi mpaka nikaimba. Kisha nikachukua kilichobaki sufuriani nikaonja. Riziki, nilitema palepale chini. Avoka ikipata moto inakuwa chungu, wewe labda unajua, mimi sikujua. Ilikuwa sumu. Na mwanangu aliila yote na kunishukuru.

Hapo ndipo nilipoumia, wala si kwa zile picha. Mtoto akiwa kwao analalamika. Anasema sitaki, anasema hii mbaya, anasukuma sahani na kupigwa kofi dogo la mgongo. Anayemeza uchungu na kusema asante ni mgeni. Nilimwona mwanangu amekaa kwenye kiti changu kama mgeni aliyefundishwa adabu, na nikajua kwao ni kwako. Siku hiyohiyo nilimwita motari, nikamwambia: "Mwambie Riziki mtoto harudi." Nilifikiri nikimkaza hapa atanizoea kwa nguvu. Sikumuuliza yeye. Nilimwambia tu, naye akasema "Sawa, Mama," kwa sauti ileile ya kuosha vyombo.

Zikapita siku za namna hiyo. Anafagia, anachota maji, anasema asanti. Restora haijawahi kuwa safi hivyo, na mimi sijawahi kukosa raha hivyo.

Leo baada ya ibada akaniomba kisu. Anataka kunitengenezea deseri. Nikampa, nikaketi mbali kidogo kama mtu anayetazama mpira. Alikata ndizi mbivu na nanasi, akaponda avoka kwa uma, akapasua marakuja kwa meno, akamwagia asali. Mashanza hayapatikani huku, basi akaponda karanga akatia mahali pake. Motari walikuwa wamekaa wanangoja chakula, wakaanza kumchokoza.

"Mama Asifiwe, leo makala imeisha? Unatulisha sawa vile mbuzi?"

Mtoto hakuinua hata kichwa. "Papa, onja kwanza njo useme."

Walicheka, lakini mmoja wao alionja. Akasogeza kiti karibu na bakuli. "Ongeza, mutoto." Nikasikia wivu umenipanda mpaka masikioni. Hata wateja wangu, Riziki! Umewachukua hata wateja wangu, nawe uko upande wa pili wa milima.

Lakini kabla ya kumpa mtu yeyote, hata mimi, Asifiwe alikuwa ametoa sehemu ya kwanza, akaitia kwenye bakuli dogo na kuifunika kwa sahani. Akaiweka juu ya kabati, kama kwetu tulivyokuwa tunamwekea baba akiwa hajarudi kutoka shambani. Nikamuuliza:

"Hii iko ya nani?"

"Ya mama mudogo."

"Mama mudogo iko Nyabiondo, mutoto. Ataikula namna gani?"

"Hataikula. Tunamuwekea tu."

"Nani alikufundisha vile?"

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Yeye mwenyewe. Nyumbani anawekaka ya kwako mbele ya yetu yote. Avoka inakuwaka nyeusi, asubui tunapatia kuku, na anaweka ingine. Mujomba Bahati alimukaripia, akasema, 'Riziki, unaharibu matunda.' Na yeye akasema, 'Acha. Iko ya mwenyewe.'"

Bugali wa mtu aliye safarini unaweza kungoja mpaka kesho, ukapashwa, akala; kila nyumba kwetu inafanya hivyo. Lakini avoka haingoji mtu. Wewe ulijua haingoji, na ulijua siji, na bado ukaweka kila siku. Na mimi huku nilikuwa nakupikia ubaya.

Nilimwuliza Asifiwe mbona hajawahi kuniambia. Akasema nilikuwa sijamuuliza. Kisha, kwa kuwa mdomo umeshafunguka, akaanza kucheka.

"Mama, ile siku ulipikaka avoka?"

"Ulijua?"

"Ilikuwa buchungu! Buchungu sawa vile dawa ya kinini!"

"Na juu ya nini ulimaliza yote?"

"Mama mudogo alisema nisikukatalie chakula, juu weye unapikiaka bantu siku muzima na unachokaka."

Unaona? Hata adabu iliyoniumiza ni yako. Hakuna kitu cha mtoto huyu nitakachoshika nisikute alama ya kidole chako. Nilitaka kukasirika tena, nikashindwa, kwa sababu alikuwa anacheka ameegemea ubavu wangu, na alipoonja sombe yangu jioni alisukuma sahani akasema, "Mama, munyu ni mingi." Ulikuwa mwingi kweli. Nilimpiga kofi dogo la mgongo, tukacheka wote wawili.

Basi nisikilize. Nimemuuliza, safari hii nimemuuliza kweli, anataka kuwa wapi. Alifikiri, akasema anataka shule yake na wenzake, na vakansi zote kwangu. Iliniuma, lakini alisema akinitazama usoni. Kesho asubuhi anapanda pikipiki na yule motari anayebeba barua hii. Ni mtu mzima, haendeshi kama mwendawazimu, na ameniahidi kwamba wakikuta njia haieleweki watageuza. Nitamfunga mtoto kanga yangu kifuani kwa sababu ya baridi ya huko juu. Bidoni ya asali atabeba yeye mwenyewe. Msimamie apige mswaki, maana nyinyi watu wa deseri meno yenu mtayazika kabla ya nyinyi wenyewe kuzikwa.

Usidhani wivu umeisha. Akikuita usingizini badala yangu, usiniambie. Akiugua, mpigie simu mtu akimbie kuniita hata kama ni sokoni. Akianza kuwa mwanamke, mimi ndiye nitakayekuja kumwambia, wewe ungoje. Mengine ni yako, na ninakushukuru kwa hayo, ingawa ninasaga meno.

Kitu kingine. Lile bakuli lako la juu ya kabati, nimelila mimi. Wateja walipoondoka nilifunua, nikalikomba lote kwa kijiko nimesimama kabla halijawa jeusi. Asifiwe aliniona. Alisema, "Mama, ile si ya kwako!" Nilimwambia mkubwa anaweza kula ya mdogo wake. Ilikuwa tamu, Riziki. Ilikuwa tamu kupita kuku wangu.

Nisalimie kaka yetu Bahati, umwambie aache kukukaripia mbele ya watoto. Nisalimie baba mkubwa Elie, ambaye ninajua bado anasema shu mbichi ni chakula cha sungura lakini anakuja kula kwako kila Jumamosi. Mpe heri mama wa ubatizo wa Asifiwe, Mama Sifa, na yule Mama Shemasi wa jirani, ambaye nina hakika sasa hivi anakuuliza barua inasema nini. Mwambie inasema nimepona.

Nilipoanza kuandika nilitaka kukuomba uache kuniwekea ile sehemu, kwa sababu ni kuharibu matunda, na kuku wako hawastahili asali yangu. Sasa siwezi kuliandika hilo. Weka, mdogo wangu. Iwe nyeusi, watu wakucheke, weka tu.

Ni mimi yaya wako, mwenye moshi kichwani,
Furaha, Mama Asifiwe