Msuko Nyuma ya Sikio

Butembo, Kimemi, tarehe 16 mwezi wa tisa 2001

Mpendwa yaya Jokébed, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu sana katika Bwana. Afya yako na ya watoto huko Kampala ikoje? Lile goti limepoa? Mimi napumua tu, usinidai zaidi.

Ulisikia kwamba binti yangu Bénite alizikwa Kamango na watu ambao hakuwajua. Wenye bunduki waliwangoja njiani, yeye na wachuuzi wenzake, siku ya soko, wakawaua kwa ajili ya maharage waliyobeba. Mpaka leo hakuna aliyeulizwa kitu.

Jumamosi kabla ya safari ile, mwanangu alinisuka. Mimi nilizoea kumsuka kwa kukaza, naye hulalamika: «Mama, unavuta mpaka akili inatoka!» Siku hiyo alilipiza, tukacheka.

Huku kwetu ukifiwa unanyoa. Nilikataa. Wifi yangu Kavuo akasema mbele ya matanga yote: «Muangalie huyu muke! Mutoto amekufa, yeye iko na misuko ya coiffure ya arusi.» Hakuuliza ni mikono ya nani iliyonisuka.

Unajua kazi yangu ya salon. Tulifundishwa kwamba unywele unaishi shinani tu, ndani ya ngozi. Ule wa nje umekwisha kufa, ndiyo maana mkasi hauumi. Miaka kumi nimewaambia wateja hivyo, mdomoni tu. Kila mwezi nywele mpya zilitoka chini, kama upana wa kidole kidogo, zikasukuma misuko ya Bénite mbali na kichwa changu. Nilipaka mafuta, nikafunga kitambaa. Baada ya miezi minne zikashikana na vumbi shinani, zikaanza kukatika. Mteja angekuja na nywele kama hizo, ningemgombeza.

Alhamisi nilifumua msuko mmoja mmoja, kisha nikamwita Kavuo aninyoe. Kavuo ndiye aliyelia. Mimi hapana.

Mmoja sikuufumua, ule wa nyuma ya sikio, aliousuka vibaya kwa kicheko. Niliukata mzima. Ézéchias, mfanyabiashara anayekuletea barua hii, anao. Hapa nyumba zinaporwa kila siku, kwako utakaa. Usiuoshe, usiufumue.

Nisalimie shemeji Lusenge, na Précieux, na mtoto mchanga. Mungu awalindie mlango wenu.

Wako akupendaye hata akiwa na uchungu,

Katungu

Ukiwasuka mabinti wako, usikaze sana, na unikumbuke.