Mikaratusi ya Mwenyekiti

Shikamoo, Baba.

Nimeandika hivyo halafu nikasubiri uitikie, kama mjinga. Ulikuwa hukubali habari yoyote ianze kabla ya salamu. Hata mgambo aliyekuja mbio kukuambia machinjio yanaungua, ulimwacha asimame mlangoni akihema mpaka akakumbuka kukuamkia, ukaitikia, ndipo ukatafuta viatu.

Sisi tupo. Mama anatembea, ila goti linamsumbua kipindi hiki cha baridi, na mwaka huu ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Vitunguu swaumu tumevuna, si haba. Mjukuu wako ameanza darasa la kwanza na anaturingia na begi lake. Nayatanguliza haya kwa sababu yanayofuata sipendi kuyasema.

Chemchemi inakauka, Baba.

Ndiyo, ile ya bondeni ambayo mji mzima unachota. Siku hizi wanawake wanafika alfajiri na kukinga maji kwa bakuli. Juzi nilienda na ndoo mbili, nikarudi na moja, nayo ilikuwa na tope. Vijana wa pikipiki wanabeba madumu kutoka mbali na kuyauza, na asiye na kitu anaomba kwa jirani. Mke wa mwalimu mkuu na mwenye duka la dawa walivutana nguo pale kwenye foleni, watu wazima kabisa. Na kinachoikausha ni miti iliyopandwa kwa jina lako.

Ngoja nikueleze. Aliyekalia kiti chako cha uenyekiti wa mji ni yule makamu wako, uliyekuwa unamwita kijana wangu wakati ana mvi. Si mtu mbaya. Anapenda mazingira yanayoonekana. Mawe ya barabarani yamepakwa chokaa, stendi ina bustani ya maua, na Jumamosi ya usafi inatangazwa kwa kipaza sauti, yeye akiwa mbele na fulana yenye maandishi. Wageni kutoka wilayani wanakuja, wanapiga picha, wanasifu. Wewe hakuna aliyekupiga picha. Mazingira yako yalikuwa ugomvi mtupu. Uliwafukuza waliokuwa wanaosha pikipiki kwenye chemchemi. Ulihamisha machinjio ili damu isiteremke bondeni, wachinjaji wakakununia. Mwisho ukang'oa mikaratusi yote iliyozunguka chemchemi ikiyanywa maji yake, ukaanza na ya Baba Mdogo, mdogo wako wa tumbo moja, aliyekuwa anangoja ikomae auze nguzo. Krismasi mbili hakukanyaga kwetu. Nakukumbuka jioni ile unabandua tope kwenye mabuti, Mama anakuambia safari hii hupati kura hata ya jirani, na wewe hata kichwa hukuinua. "Watanichukia," ulisema, "lakini watakunywa."

Walikuchukia kweli, na wakanywa. Halafu ukafa, wakakupenda wote kwa mpigo.

Tulipomaliza kulijengea kaburi lako, mwenyekiti mpya aliitisha siku ya kukukumbuka. Kila familia ipande mti. Wapande wapi? Kwenye chemchemi, maana ndipo palikuwa pako. Wapande nini? Kitu kinachoshika upesi, wageni wakija wakute kivuli. Wakaleta miche ya mikaratusi, Baba. Wakaipanda kuyazunguka maji, wakiimba. Wa kwanza kupanda alikuwa Baba Mdogo, na wanasema alilia mpaka akashikwa mikono. Alisema, "Kaka, nakurudishia." Hakuna aliyecheka na hakuna aliyekumbuka. Umekuwa mzee aliyependa miti. Ni miti gani, wamesahau.

Mimi nilikuwa hospitalini Haydom, mtoto amelazwa. Niliporudi kibao kilishasimama, jina lako limeandikwa kwa rangi ya kijani. Na Mama alikuwa amekaa chini yake, kitenge mapajani, anatafuna hindi la kuchoma. Tangu tukuzike nilikuwa sijamwona akila kitu kwa hamu. Ningesema nini? Tangu hapo kila Jumapili akitoka kanisani anapitia pale. Kila familia inaujua mti wake, wanapita wakiushika shika. Na ile miti imekua kama inakimbizwa, imeshapita paa la shule.

Wiki iliyopita mwenyekiti alikuja nyumbani. Akamwamkia Mama, akanywa chai, akazungumza habari za mvua mpaka chai ikaisha. Ndipo akasema wataalamu wamekuja kutoka wilayani wakayaona maji, wakasema yale yale uliyokuwa unasema. Miti itoke. Wajumbe wote wamekubali, lakini hakuna anayethubutu kutia shoka kwenye miti ya mzee mpaka nyumba yake itamke. Baba Mdogo ameshasema atakayegusa ule wake amemgusa kaka yake kaburini.

Nilikasirika, sikufichi. Wewe ulipong'oa hukuomba ruhusa kwa mtu. Huyu anataka neno gumu la mji litoke mdomoni kwa mjane, ili lawama ibaki kwetu na yeye arudi kwenye maua yake.

Mama alikusanya vikombe kimoja kimoja, akafuta meza ambayo haikuwa chafu. Kisha akasema, "Mume wangu nilimzika mara moja. Hii ya pili fanyeni, ila msiniite." Akaingia ndani. Jumapili alitoka kanisani akaja moja kwa moja, akageuza kiti, akakaa ameupa mgongo upande wa bondeni. Goti linauma, alisema, nami nikaitikia kwamba ni baridi.

Wakati mwingine nakukasirikia na wewe. Uliamuru, Baba, hukueleza. Ungekaa na Baba Mdogo siku moja, ukamwonyesha maji yanavyopungua miti inapokua, asingeubeba ule mche akidhani anapatana nawe. Ulijua uko sahihi na ukaona inatosha. Ulipoondoka, usahihi wako uliondoka nawe, na sisi tukabaki na heshima tu, ambayo ndiyo inatukausha sasa.

Tunakata Jumamosi. Nimesema nitaanza mimi, na nitaanza na mti wa Baba Mdogo, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeugusa. Nilikwenda kumweleza mwenyewe, nikakaa kwake mpaka ng'ombe wakarudi. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniambia kiza kinaingia, niwahi nyumbani. Sijui hilo lilikuwa jibu au ni adabu tu. Kibao nitakishusha pia.

Naogopa. Wataalamu wanasema baada ya misimu kadhaa maji huenda yakarudi, na huenda yasirudi. Tunaweza kumnyang'anya Mama pale mahali pake na tusipate hata ndoo moja zaidi. Wewe uliwezaje kulala usiku, hujui kama umekosea? Sikuwahi kukuuliza, nilidhani wewe huogopi.

Nakuahidi haya. Nitapanda mikuyu pale, miti inayotunza maji, bila kibao na bila jina la mtu. Nitapita nyumba kwa nyumba kueleza kwa nini, hata kwa wale watakaonifungia mlango, na nitarudi tena kwao. Na yeyote atakayekalia kile kiti, huyu au mwingine, nitamkera mpaka ajifunze kusema hapana kwa kinywa chake.

Kwaheri, Baba yangu. Jumamosi, kama huko mnaona, usituangalie sisi wa bondeni. Mama atakuwa nyumbani peke yake, na shoka litasikika mpaka jikoni. Kaa naye.

Binti yako.